LeBaron Turbo ya paa la turubai: haivuti, inazima, inatoa moshi, anzia hapa

Hii gari naipenda na sifichi, na naandika haya kwa sababu zinaendelea kupelekwa skrapa kwa ubovu ambao ukijua pa kuangalia unaumaliza kabla chai haijapoa. Naongelea Chrysler LeBaron ya kufungua paa yenye tabo (turbo, propela inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), zile za 1984 mpaka mwisho wa miaka ya themanini, pamoja na ndugu yake Dodge 600 ES Turbo ambaye ndo kabisa hakuna anayemkumbuka. Kama unaishi Marekani au Kanada utaziona, imepaki pembeni ya nyumba ya mtu, tairi zimelala, turubai imepauka, bango la kuuza limechoka na jua, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia "tabo imekufa". Mara nyingi tabo haijafa.

Historia kidogo maana bila hiyo huelewi kwa nini watu wanaipita. Kampuni za Marekani zilishaacha kutengeneza gari za paa la kufungua, watu wakaaga na Cadillac Eldorado ya 1976 wakajua ndo basi. Chrysler yenyewe ilikuwa imeponea chupuchupu kufilisika, serikali ikawadhamini mikopo ya dola bilioni 1.5, na bosi wao Lee Iacocca akachukua gari yao ya kawaida kabisa ya familia, ile waliyoiita K, akaitoa paa la chuma, 1982 LeBaron ya turubai ikaingia sokoni. 1984 ikapewa injini ya lita 2.2 yenye tabo, nguvu ya farasi 142, mwaka uliofuata 146, wakati 2.2 isiyo na tabo ilikuwa haifiki hata 100. 1987 ikaja bodi mpya laini yenye taa za mbele za kujificha, hiyo ndo nzuri kuliko zote kwa macho yangu, 1989 wakaweka tabo kwenye 2.5 ikawa farasi 150 na kwenye toleo la GTC ungeweza kupata 2.2 yenye intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), farasi 174.

Sasa wanaotafuta tabo ya paa la wazi ya miaka hiyo wote wanakimbilia Saab 900, na ni gari safi sina ubishi, ila bei imeshapanda. LeBaron inabaki kwa sababu watu wakisikia K wanaona gari ya bei rahisi ya babu, hawaangalii kwamba ni viti vinne, uzito kama kilo 1,300 hivi, tabo inayoanza kusukuma mapema, na injini ambayo vipuri vyake viliingia kwenye Dodge nyingine kama Daytona, Shadow, hadi Caravan. Halafu kuna jambo moja linalonifanya niitetee zaidi ya yote, gari hii inakwambia yenyewe inaumwa wapi, huhitaji mashine yoyote, unahitaji ufunguo wake na macho yako.

Kabla hujashika spana, iulize yenyewe

Ingia ndani, usipige stata. Zungusha ufunguo washa, zima, washa, zima, washa, yote hiyo ndani ya sekunde 5 na uache kwenye washa. Angalia taa kwenye dashibodi, kwenye za mwanzo imeandikwa POWER LOSS, za baadaye CHECK ENGINE. Itaanza kupepesa. Unahesabu, ikipepesa mara mbili ikapumzika kidogo halafu ikapepesa mara nne hiyo ni 24, inapumzika kwa muda mrefu zaidi inakuja namba nyingine, na ikimaliza yote inatoa 55. Kaa na kalamu uandike, rudia tena kuhakikisha maana ukipoteza hesabu utanunua kipuri ambacho hukihitaji.

Zinazotokea sana kwenye tabo ni hizi. 12 ni betri ilichomolewa hivi karibuni, isikutishe. 11 kompyuta ya injini haijaona ishara kutoka distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi), ila inaweza kutokea pia kama umechomoa betri na hujapiga stata tangu hapo. 13 na 14 zote ni sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini), 13 fikiria hozi yake ya vakyumu (mpira wa mvuto wa hewa), 14 fikiria waya zake. 21 sensa ya oksijeni, 22 sensa ya joto la maji, 24 sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), 25 mota inayoshika mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama. 35 rilei (swichi ya umeme) ya feni. 36 solenoidi (vali ya umeme) ya westigeti, yaani mlango unaopunguza presha ya tabo. 45 presha ya tabo imezidi. 51 inachoma mafuta kidogo, 52 mafuta mengi. 54 ni sensa ya pili ya distribyuta ambayo iko kwenye za tabo.

Namba haisemi badilisha hiki, inasema huu mstari una shida, na mstari ni sensa pamoja na waya pamoja na plagi ya waya pamoja na hozi. Nimeona mtu anabadilisha sensa ya MAP mara mbili kumbe hozi yake imepasuka mahali pasipoonekana, nyuma ya injini. Ukishaandika namba zako futa kwa kuchomoa betri, endesha siku mbili tatu, uliza tena. Ile inayorudi ndo ya kufuata.

Inazima ikishapata moto, ukiiacha ipoe inawaka kama hakuna kilichotokea

Huu ndo ugonjwa unaoua LeBaron nyingi kuliko mwingine wowote na ndo nitakaa hapa zaidi. Gari inaendeshwa vizuri, umeingia foleni, jua kali, paa liko chini unafurahia maisha, ghafla injini inakatika. Hakuna kutetemeka wala kukohoa, inakatika tu. Unapiga stata inazunguka vizuri haishiki. Unasubiri nusu saa, inawaka. Fundi wa kwanza atasema pampu ya mafuta. Anashusha tenki, anabadilisha pampu, unalipa, wiki inayofuata inazima tena.

Elewa hii kompyuta inavyofikiri. Ukiwasha ufunguo inashikisha rilei kama sekunde moja au mbili, unasikia pampu inalia kule nyuma halafu inanyamaza. Baada ya hapo kompyuta inasubiri kuona injini inazunguka kweli, na inayomwambia ni sensa ya Hall iliyo ndani ya distribyuta. Isipopata hiyo ishara inakata rilei, na hiyo rilei ndo inayolisha pampu na koili (inayotengeneza moto wa plagi) pamoja. Kwa hiyo sensa ikifa unakosa mafuta NA unakosa moto kwenye plagi kwa wakati mmoja. Hapo ndo dalili yenyewe. Kama ni pampu tu, plagi zingekuwa na moto.

Kwa hiyo ikizima barabarani usipoteze muda, kabla haijapoa chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya zamani, iguse kwenye chuma cha injini, mwambie mtu apige stata. Kuna moto lakini haiwaki, nenda kwenye mafuta, pima presha kwenye reli ya injekta, kwenye tabo inatakiwa kama psi 55. Hakuna moto, soma namba kwa ufunguo, ukikuta 11 au 54 anza na distribyuta.

Distribyuta kwenye hii injini iko mbele, upande wa rejeta, unaifikia bila kujikunja. Fungua kifuniko, chomoa rota, utaona sahani ya plastiki yenye kijisensa na waya tatu au zaidi zinazotoka pembeni. Angalia pale waya zinapoingia kwenye plastiki, joto la miaka thelathini na zaidi linakausha ile ngozi ya waya mpaka inapasuka ukiikunja, na wakati mwingine ndani utakuta oili imepanda kutoka kwenye shafti na kufanya tope. Oili ikiwepo badilisha na sili ya distribyuta, la sivyo sahani mpya itaenda njia ile ile. Sahani yenyewe inauzwa pesa ndogo, na mwenye LeBaron ninayemheshimu anakaa na moja ya akiba kwenye buti pamoja na bisibisi.

Kama sahani ni mpya na bado inazima, rudi kwenye plagi za waya za kompyuta. Za 1984 mpaka 1987 zina kompyuta mbili, moja iko ndani ya gari kwenye ubavu wa miguu ya abiria, nyingine iko mbele karibu na betri na hewa inayoenda kwenye injini inapita humo kuipoza. Ile ya miguuni kwa abiria iangalie sana kama turubai inavuja, nitaeleza huko chini.

Haivuti, tabo kama haipo

Usifungue tabo. Fungua boneti, washa tochi, weka mikono yako kwenye hozi. Injini hii imewekwa kwa upana, eksozi na intake zote ziko nyuma upande wa ukuta wa kabini na tabo imejibana hapo hapo, kwa hiyo joto lote la gari linakaa sehemu moja pamoja na mipira midogo ya vakyumu. Shika mmoja ukunje. Ukivunjika mkononi kama biskuti umeshapata jibu, na usibadilishe huo mmoja, nunua mita kadhaa za hozi ya vakyumu ya silikoni ubadilishe yote kwa siku moja, mmoja mmoja, huku unafuata mchoro uliobandikwa chini ya boneti kama bado unasomeka. Piga picha kabla hujachomoa chochote.

Baada ya hapo angalia bomba kubwa la kutoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, klampu zimelegea au mpira umechanika upande wa chini usioonekana. Ukisikia mlio wa pssss ukikanyaga ujue presha inatoka humo. Kisha westigeti, ule mkono mdogo wa chuma pembeni ya tabo, injini ikiwa baridi ujaribu kuusukuma, uwe na ugumu wa springi na urudi wenyewe. Ukiwa umelegea tu unachezacheza, westigeti inabaki wazi na moshi unapita pembeni bila kuzungusha tabo. Kutu inaugandisha pia, dawa ya kulegeza kutu na uvumilivu vinatosha mara nyingi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanalisahau kabisa, taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapopiga cheche. Mtu kabadilisha distribyuta kairudisha kwa kukisia, gari inakuwa nzito na tabo inachelewa, anailaumu tabo. Injini ikiwa na joto la kawaida chomoa plagi ya sensa ya joto la maji, taa ya dashibodi itawaka na feni itaanza kuzunguka, hiyo ni kawaida, maana sasa kompyuta imeacha kuigusa taimingi. Pima kwa taa ya taimingi, kwenye hizi za tabo inatakiwa nyuzi 12 kabla ya pistoni kufika juu. Rekebisha, funga distribyuta, rudisha plagi, futa namba 22 utakayokuwa umeitengeneza wewe mwenyewe.

Kama hozi ziko sawa, westigeti sawa, taimingi sawa, basi sasa toa bomba la hewa ushike propela ya tabo kwa vidole. Kusogea kidogo kulia na kushoto ni kawaida maana inaelea kwenye oili. Ikisogea mbele na nyuma, au mabawa yamekwangua ukuta, hapo kweli ni tabo.

Inavuta vizuri halafu inakata ghafla ukikanyaga sana

Hii inatisha ukiwa unapita lori lakini ni kompyuta inakulinda. Imeona presha imezidi imekata mafuta, ukisoma utakuta 45. Sababu kubwa ni hozi ya kwenda kwenye westigeti imetoka au imepasuka, westigeti haifunguki, presha inapanda bila breki. Dakika tano za kazi. Kama kuna mwenye gari aliyetangulia aliyeweka vali ya kuongeza presha bila kujua anachofanya, itoe, rudisha hozi ilivyotoka kiwandani, gari iendeshe hivyo kwanza uijue. Na weka petroli ya oktani ya juu, tabo na petroli ya bei ya chini hazielewani, sensa ya kugonga itarudisha taimingi nyuma na utabaki unalalamika haivuti.

Moshi

Wa bluu, mweupe, mweusi, kila mmoja una nyumba yake.

Bluu asubuhi unapowasha halafu unapotea, hizo ni sili za valvu, zimekauka kwa umri, gari inaweza kuishi nayo muda mrefu ukiwa unaangalia oili. Bluu ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani injini inazunguka polepole, au ukiachia mafuta ukishuka mlima, hapo fikiria tabo, hasa kwenye za 1984 mpaka 1987. Kwenye hizo throto imewekwa kabla ya tabo, sio baada, kwa hiyo ukiachia mafuta ule mvuto wa vakyumu unaifikia tabo yenyewe na kunyonya oili kupitia sili yake. Sili ikiwa nzima hamna shida, ikichoka utaona moshi. Ila kabla hujaihukumu angalia paipu ya kurudisha oili kutoka kwenye tabo kwenda chini, ikiziba kwa oili iliyoungua, oili inakosa pa kwenda inatokea kwenye sili, na vilevile vali ya kupumua ya injini ikiziba presha inajaa ndani na matokeo ni yale yale. Vyote hivyo ni vya bei ndogo kuliko tabo.

Na tabia ya dereva ina mchango mkubwa hapa. Tabo za hizi gari zinapozwa na maji pia, sio oili peke yake, na hiyo ni faida kubwa, lakini bado ukitoka hayiwei moja kwa moja ukazima injini oili inaungulia humo ndani. Acha izunguke dakika moja au mbili. Badilisha oili mapema, kila maili 3,000 hivi, hii sio gari ya kuvuta oili hadi iwe lami.

Mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanaungua, nenda sehemu inayofuata. Mweusi ni mafuta mengi, namba 52, angalia sensa ya joto la maji, kompyuta ikidhani injini ni baridi muda wote itamwaga mafuta, na angalia rejuleta ya presha ya mafuta, chomoa hozi yake ya vakyumu, ukikuta petroli ndani ya hozi, rejuleta imepasuka kwa ndani, ibadilishe leo usiendeshe, hiyo ni hatari ya moto.

Inachemsha

Bloku ni chuma, hedi ni alumini, zinatanuka tofauti, na ukiongeza joto la tabo unaelewa kwa nini hedi gasketi ndo udhaifu unaojulikana wa hii injini. Lakini pia sio kila inayochemsha ni gasketi.

Anza na feni. Gari ikichemsha foleni na kupoa ukitembea, feni haifanyi kazi, soma namba, 35 ni rilei. Washa AC, feni inatakiwa izunguke. Ikichemsha ukiwa unatembea, rejeta imeziba au themostati. Ikichemsha muda mfupi baada ya mtu kubadilisha maji, ina hewa ndani, kwenye nyumba ya themostati juu kuna plagi ya kuziba (sio ya moto), ifungue unapojaza, mimina polepole mpaka maji yatokee hapo bila mapovu, ndo ufunge. Watu wengi wameua hedi nzima kwa kutoifungua plagi hiyo.

Gasketi yenyewe utaijua hivi: maji yanapungua bila kuvuja chini, mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika ya kwanza tu tangu uwashe. Ukifungua, peleka hedi ikapimwe kama imepinda, usirudishe hivi hivi, na nunua boliti mpya. Habari njema ni kwamba hii injini mkanda wa taimingi ukikatika valvu hazigongani na pistoni, unafunga mkanda mpya unaendelea na safari, kwa hiyo ukikuta inauzwa bei ya kutupa kwa sababu "mkanda ulikatika injini imekufa", kaa kimya, lipa, ondoka nayo.

Mzunguko unapanda na kushuka, inamisi

Plagi, waya, kifuniko na rota kwanza, gepu ya plagi (nafasi inayorukwa na cheche) milimita 0.9, na usiachie gepu pana maana presha ya tabo inazima cheche. Kisha hozi tena, zile zile. Kisha safisha throto na tundu la ile mota ya namba 25, masizi yanaigandisha. Mengi yanaishia hapo.

Giaboksi ya otomatiki inachelewa kubadilisha au inapiga teke

Ni ya gia tatu, rahisi na ngumu kufa. Ina waya au mkono unaoiunganisha na throto, ukilegea au ukikaza vibaya gia zinakuja kwa wakati usio wake, na bendi moja (mkanda unaoshika gia ndani) unaweza kuirekebisha kwa nje. Fanya hayo, badilisha filta, weka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Chrysler ile inayoandikwa ATF+, sio yoyote uliyoikuta dukani. Ndo baadaye uongee habari za kufumua.

Usukani kuvuta pembeni ukikanyaga kwa nguvu, kiasi fulani ni tabia yake maana tairi za mbele ndo zinavuta na zinaongozwa hapo hapo, ila ikivuta sana kagua bushi za mikono ya chini na upepo wa tairi.

Turubai na maji ndani

Hapa ndo moyo wa gari, na hapa ndo unaponunua au kuacha. Bonyeza swichi ya paa injini ikiwaka. Ukisikia mota inalia lakini paa linapanda kwa shida au linaishia katikati, oili ya haidroliki imepungua, pampu iko kule nyuma kati ya siti na buti, jaza, halafu tafuta ilikotokea, kwenye silinda mbili za pembeni utaona unyevu au doa kwenye kapeti. Mota hailii kabisa, fyuzi, rilei, swichi, na betri kuwa dhaifu, kwa mpangilio huo. Paa upande mmoja linatangulia, silinda moja imechoka. Usilisukume kwa mikono kwa nguvu mfumo ukiwa na presha, fungua kwanza skrubu ya kuachia presha kwenye pampu, utalipandisha na mtu wa pili akishika upande wa pili.

Maji yakiingia usilaumu turubai peke yake. Mwage maji kwa mpira polepole, mtu akae ndani na tochi, anza chini ya kioo cha mbele, panda kwenye mpira wa juu ya kioo, kisha pembe ambapo kioo cha mlango kinakutana na cha nyuma, hapo ndo panavuja zaidi, na mara nyingi ni kioo hakijakaa sawa, kina boliti za kurekebisha ndani ya mlango. Milango ikiwa inashuka ukiifungua angalia bawaba, na hakikisha sakafu haina kutu, maana gari isiyo na paa la chuma nguvu zake zote ziko chini. Gari ya hivi sakafu ikioza mimi naiacha hata tabo iwe mpya.

Na ule unyevu wa miguuni kwa abiria niliousema, kwenye za 1984 mpaka 1987 toa kifuniko cha plastiki pale ubavuni, chomoa plagi za kompyuta, utaona kama pini zina ukijani. Zisafishe kwa dawa ya umeme na brashi laini, paka grisi ya umeme, rudisha. Gari iliyokuwa na namba sita tofauti zisizoeleweka inaweza kubaki na moja baada ya hapo. Ukiwa huko, ile sauti ya kukwambia mlango uko wazi, kama gari yako inayo na inaongea ovyo, mara nyingi ni swichi ya mlango imelowa, usiikate waya tafadhali, zimebaki chache zinazoongea.

Taa za mbele za kujificha za 1987 na kuendelea zisipofunguka kuna kitasa kwenye mota unazungusha kwa mkono, zifungue hivyo usiku huo, gia za plastiki ndani ya mota utazishughulikia kesho.

Vipuri vya injini usihofu, Daytona, Shadow na Caravan za tabo zinakusaidia. Kinachokosekana ni vitu vya bodi ya paa la wazi, mipira ya juu ya kioo, kioo cha nyuma cha turubai, silinda za paa. LeBaron za turubai zisizo na tabo zinavyo hivyo hivyo na hizo ndo zimejaa yadi za skrapa, kwa hiyo ukipita yadi ukaiona moja imelala, chukua mipira ya milango na silinda zote mbili siku hiyo hiyo hata kama zako bado nzima.